Zawadi ya Ziara Imaliziwe Njiani



Wanafunzi wetu wapenzi, wazee wetu na wasomaji wote wa jarida hili. Kila unapokaribia msimu wa ziara, yaani zile safari zetu za kuwatembelea ndugu zetu wa mashamba, hurejea suali lile lile: zawadi ya wenyeji itakuwa nini, na kila mzee atatoa kiasi gani? Mwaka huu tumependa tuseme rai yetu mapema, kabla ya vikao kuanza. Rai yenyewe ni fupi. Zawadi zisinunuliwe. Kila mwanafunzi, mwanamke na mwanamme, afanye kitu kidogo kwa mkono wake mwenyewe, na kitu hicho akimalizie garini, katika safari ile ile anayokwenda.

Tunajua wapo watakaocheka. Wapo pia watakaokasirika, na hao ndio tunaotaka kuzungumza nao.

Desturi iliyozoeleka katika madrasa nyingi za mjini ni mchango. Daftari linapita, majina yanaandikwa, fedha zikitimia zinanunuliwa seti za gilasi, chupa za chai, pengine saa ya ukutani yenye picha ya Al-Kaaba. Hatusemi kuwa kununua ni kosa. Hadiya ni hadiya, na mwenye uwezo akinunua kwa nia njema ana malipo yake. Lakini tazameni mambo mawili.

La kwanza ni dogo na linachekesha. Bibi mmoja wa kusini aliyewahi kutupokea alitufungulia kabati lake kututolea sahani. Ndani mlikuwa na seti nne za gilasi sita sita, zote katika maboksi yake, hazijafunguliwa. Zote ni zawadi za wageni wa madrasa. Bibi hakusema neno baya, alisema tu, "Wanangu, Mungu awazidishie, lakini mimi naishi peke yangu." Gilasi ishirini na nne kwa mtu mmoja!

La pili halichekeshi. Siku ya safari watoto wanahesabiwa, na kila mara wapo wawili watatu hawaonekani. Ukiuliza unaambiwa fulani ana homa, fulani ameitwa na shangazi yake. Baadaye ndipo inapojulikana kuwa homa yenyewe ni shilingi elfu tatu za zawadi. Nauli mtoto angesaidiwa na wenzake bila ya mtu kujua, lakini daftari la mchango linasomwa kwa sauti mbele ya darasa zima. Mtoto wa miaka kumi anaijua aibu kama anavyoijua mtu mzima. Anaona bora alale nyumbani, ajifunike shuka, kuliko jina lake kusomwa na kufuatiwa na kimya. Basi ziara iliyokusudiwa kuwafundisha watoto ukarimu inamfundisha huyu kuwa ukarimu ni wa wenye fedha. Hili ndilo linalotuuma, na hili ndilo lililotufanya tuandike.

Sasa tuiangalie njia yenyewe. Kisiwa chetu cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kutoka mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, na Makunduchi inazidi kidogo. Kwa gari ya kukodi iliyojaa watoto, yenye kusimama Mahonda kwa sababu mmoja kataka maji, na Kinyasini kwa sababu mwengine katapika, hiyo ni saa mbili kwenda na mbili kurudi. Wenzetu wanaokwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi ya msikiti wa Riyadha wanajua safari ndefu zaidi ya hiyo: meli, kisha basi, kisha basi jengine, kisha boti kutoka Mokowe. Saa hizo zinakwenda wapi? Nusu ya kwanza ni kasida na vigelegele, jambo zuri. Nusu ya pili ni usingizi wa mdomo wazi na ugomvi wa nani akae dirishani. Siku hizi wakubwa wao wana simu, wanainamisha vichwa kama kuku wanaokunywa maji. Simu hatukuzikataza wala hatuna nia ya kuzikataza. Tunasema tu kwamba wakati wa faragha ni katika neema mbili ambazo Mtume wetu (s.a.w.) alitutahadharisha kuwa watu wengi hupunjika kwazo, na nyengine ni afya. Mtoto aliyekaa kwenye benchi la gari anazo zote mbili.

Kufanya kazi ya mkono njiani si jambo tulilolibuni sisi. Nendeni mashamba ya kusini na mashariki mkaangalie. Mama anatoka kwake kwenda kwa jirani, ukindu uko kwapani na ukili unaning'inia mkononi. Anatembea, anaamkia watu, anacheka, na vidole havisimami. Akipanda gari anaendelea. Akifika msibani anaendelea, na hakuna anayemuona kuwa amekosa adabu. Ukili ni kazi iliyoumbwa kwa ajili ya njia: hauhitaji meza, hauhitaji taa, wala hauhitaji jicho, kwani vidole vinajua wenyewe ni mche upi unapita juu na upi unapita chini. Ukisimamishwa popote unasimama, na ukishikwa tena unaendelea pale pale. Ukishakuwa mrefu hushonwa duara kwa duara au ubavu kwa ubavu, ukawa mkeka, au kawa la kufunikia chakula, au msala wa kuswalia. Tuliposwali juu ya misala ile hatukufikiria kuwa pengine nusu yake ilisukwa barabarani.

Na kofia je? Tuizungumze kofia kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo penye hasara ambayo watu hawaijui.

Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huanza na kitambaa cheupe cha pamba, vipande viwili: cha duara kinachokaa juu, na kirefu kinachozunguka pembeni. Nakshi inachorwa kwa penseli. Kisha vitundu vinatobolewa, kimoja kimoja, na kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka mdomo wake ukaze. Kofia moja ina mamia ya vitundu. Mshonaji mzuri humchukua wiki nyingi, na kofia ya kazi nzito huenda miezi. Tukitazama kofia kichwani mwa mtu siku ya Idi tunaona weupe na urembo, hatuoni jioni ngapi zilizomo ndani yake.

Kofia hii imefika mbali. Waomani wenye asili ya visiwa vyetu waliohamia huko baada ya 1964, na hasa baada ya 1970 alipoingia madarakani Sultan Qaboos, walikwenda nayo. Ile kumma inayovaliwa na wanaume wa Oman mpaka leo ni ndugu wa damu wa kofia yetu. Kule ni vazi la heshima la kila siku. Na hapa petu? Pitia maduka ya Darajani na Mchangani. Kofia zilizojaa ni za mashine, zimetoka ng'ambo, mia kwa mia zinafanana, na bei yake ni nafuu. Hatumlaumu mwenye duka, naye anatafuta riziki yake. Wala hatumlaumu mzee mwenye watoto watano wa kiume wanaotaka kofia mpya za Idi. Lakini tuliwauliza wanafunzi wa darasa letu la juu: nani anajua kuzungusha uzi kwenye kitundu cha kofia? Walinyanyua mikono wanne, wote wasichana, na wote wamefundishwa na bibi zao. Hakuna hata mmoja aliyefundishwa na mama. Yaani kizazi kimoja tayari kimerukwa, na hao bibi hawatatungoja.

Hapo wazee wengine hutuambia: vizuri, basi wafundisheni wasichana. Wavulana waacheni, kushona na kufuma ni kazi ya wanawake.

Tunawajibu kwa heshima. Kwanza, si kweli kwa desturi ya pwani yetu. Katika Mji Mkongwe na kule Lamu, mwanamme aliyekaa barazani na kofia yake anaishona huku akizungumza na wenzake si kitu kigeni. Mafundi wa kushona kanzu ni wanaume, na hakuna aliyewahi kuwauliza uanaume wao. Pili, na hili ni zito zaidi, Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Katika yaliyopokewa kutoka kwake ni kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Mvulana wetu atakayeona haya kushika sindano na asome Sira tena.

Mwaka uliopita, katika safari ya kwenda Makunduchi, mwanafunzi wetu mmoja wa kiume wa miaka kumi na mbili alikuwa akishona mfuko mdogo wa kutilia msahafu. Wenzake walimcheka kuanzia Mwanakwerekwe mpaka Tunguu. Hapo tulimpakia mzee mmoja aliyekuwa akingoja gari kwa muda mrefu, tukampisha akae. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee akaitika marahaba, akakaa, akautazama ule mfuko, kisha akanyoosha mkono bila ya kusema kitu na mtoto akampa. Mzee aliugeuza ndani nje. Akasema, "Uzi unauvuta sana, mjukuu wangu, ndiyo maana kitambaa kinakunja uso." Akafumua mishono kama sita, akaishona upya yeye mwenyewe, gari inaruka juu ya mashimo na mkono wake umetulia. Alimrejeshea pale Kitogani, akateremka. Baada ya hapo hakuna aliyecheka, na watoto watatu waliomba sindano.

Jengine tunaloambiwa ni hili: "Mtoto nimemleta chuoni asome, sikumleta afume." Maneno haya tunayaheshimu, maana yanatoka kwa mzee anayeijali elimu ya mwanawe. Lakini hatukusema wakati wa darasa uchukuliwe. Tumesema gari. Na anayedhani kuwa kazi ya mkono inaondosha dhikri hajakaa na bibi zetu: mkono unasuka, ulimi unaleta uradi, na kila kimoja kinamsaidia mwenzake. Watoto wetu wenyewe walipima: juzuu amma waliyoidurusu huku wakifuma ilikwenda mbali kuliko ile waliyoidurusu mikono mitupu, kwa sababu mkono mtupu unamfinya jirani.

Tena kazi ya mkono ikitolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ina daraja yake. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kuwa wa mwanzo kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenzake. Wakawa wanapima mikono yao kuona ni nani. Aliyetangulia kufariki, katika mwaka wa 20 Hijria, alikuwa ni Bibi Zainab bint Jahsh (r.a.). Wakafahamu hapo kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa, kwani Bibi Zainab alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na akitoa sadaka. Hakuwa akikusanya kutoka kwa wengine ndipo atoe. Tunapenda wanafunzi wetu waifikirie sana habari hii wanapoona kitu chao ni kidogo. Na Mtume (s.a.w.) aliwausia wanawake wa Kiislamu kwamba jirani asidharau cha jirani yake, hata kikiwa ni kwato la mbuzi. Kama kwato halidharauliwi, kitambaa cha kufunikia jagi kitadharauliwa vipi?

Wapo pia waliotushauri kwa nia njema kuwa vitu hivi viuzwe kwa watalii, fedha zitusaidie kununua mabusati. Biashara ni halali na ina siku yake; pengine siku moja tutauza. Lakini zawadi za ziara tusizichanganye na bei. Mtoto anayeshona kitu cha kumuuzia mtu asiyemjua, ambaye kesho atapanda ndege, huanza kutafuta njia ya mkato (vikofia vinavyouzwa kwa wageni vyengine vimeshonwa kwa mishono mikubwa kama ya gunia la karafuu, sote tumeviona). Anayeshona kwa ajili ya bibi aliyempikia wali mwaka jana, na ambaye atamtazama usoni wakati wa kumpa, hujifunza kufumua na kuanza upya.

Basi kifanywe nini hasa? Kwa wadogo, utepe wa kuwekea alama ndani ya msahafu. Unafumwa kwa sindano ya ndoano na uzi wa pamba, na safari moja ya Nungwi inatosha kuumaliza. Kwa waliokwisha zowea, kitambaa cha kufunikia jagi chenye shanga pembezoni ili kisipeperuke, au kofia ya sufu ya mtoto mchanga, maana katika kila kijiji hakukosekani mzazi aliye ndani ya arubaini. Wanaojua kusuka wasuke upepeo wa ukindu. Kofia ya viua haifumwi wala haimaliziki kwa safari moja. Hiyo ianzwe sasa hivi nyumbani, na njiani ibebwe kile kipande kilichobaki.

Yapo mambo ya kujua kwa anayefanya kazi ndani ya gari. Kutoboa kusifanywe garini kabisa. Vitundu vyote vitobolewe nyumbani juu ya meza, njiani iwe ni kuzungusha uzi tu, na barabara ikiwa mbaya sindano ichomekwe kitambaani mpaka gari itulie. Donge la uzi likae ndani ya mfuko na ncha itoke kwa juu, kwani likianguka litazunguka chini ya mabenchi yote na kurudi na mchanga, na pengine na kiatu cha mtu. Ukindu ufungwe ndani ya kitambaa kibichi, ukikauka unakatika. Mwenye kupata kichefuchefu asilazimishwe. Atazame nje, mbali, na kama anaweza afume kwa kupapasa bila ya kuangalia. Mkasi uwe mmoja tu, nao atakuwa nao mwalimu. Dua ya safari isomwe kwanza, mikono ya wote ikiwa mitupu, ndipo mifuko ifunguliwe. Na akipanda mtu mzima, kazi iwekwe chini na apishwe. Hatutaki kusikia "namalizia mstari huu kwanza".

Wazee wetu nao tuna ombi kwao, na tunaomba lisichukuliwe vibaya. Mtoto akirudi na kazi iliyopinda, msiimalizie nyinyi usiku ili ionekane nzuri. Tunatambua mkono wa mtu mzima kwa kutazama tu. Na wala msimtilie mtoto seti ya gilasi chini ya mfuko "ili tusiaibike". Aibu hiyo ndiyo tunayotaka kuiondoa, na gilasi moja tu ikionekana, daftari la mchango litakuwa limerudi kwa mlango wa nyuma na wale watoto wawili watatu watashikwa na homa tena.

Ziara ya mwaka huu, inshaallah, ni ya Kizimkazi Dimbani. Wanafunzi watauona ule msikiti wa kale ambao kibla chake kimeandikwa kwa khati ya Kikufi tarehe ya mwaka wa 500 Hijria, sawa na 1107. Ziara iliyopita tulipoenda hapo wanafunzi waliulizana ni nani aliyechonga herufi zile na zilimchukua muda gani. Hatukuwa na jina la kuwapa, lakini suali lenyewe lilitufurahisha.

Uzi mweupe tutaununua kwa pamoja kutokana na mfuko wa madrasa, na utagawiwa kwa wote sawa, mwenye nacho na asiye nacho, siku ya Jumamosi baada ya darasa la asubuhi. Kila mwanafunzi aje na kipande cha kitambaa kutoka nyumbani, hata kama ni cha shuka kuukuu, mradi kimefuliwa. Wasichana wanne waliotajwa hapo juu wameshakubali kuwafundisha wenzao, wavulana darasa lao na wasichana darasa lao, na bibi wa mmoja wao atakuja kusimamia. Darasa la juu limeomba lishone kofia moja ya viua kwa ajili ya mzee atakayetupokea. Kitambaa kimeshapatikana, na nakshi imechorwa. Kilichobaki ni kipimo cha kichwa chake. Anayekwenda Kizimkazi Ijumaa hii kwa shughuli zake tunamuomba achukue uzi, ampime taratibu bila ya kumwambia ni wa nini, afunge fundo mahali panapokutana, na atuletee.